Katalogi mpya ya maktaba ya chuo: kabla hamjanunua seva

Swali: Mimi ni mkutubi wa chuo kikuu kimoja hapa Tabora. Tuna vitabu kama 38,000 na tawi letu la Kigoma lina 6,000 hivi. Katalogi ya Tabora iko kwenye WinISIS, programu ya zamani ya katalogi, ya Kigoma iko kwenye Excel. Tasnifu za wanafunzi ziko kabatini, nyingine kwenye CD. Majarida ya mtandaoni yanafunguka mtu akiwa chuoni tu. Uongozi umetenga fedha za seva na unataka katalogi mpya iwe mtandaoni kabla wanafunzi hawajafungua Novemba. Tuna miezi mitano, wakutubi wanne na kijana mmoja wa TEHAMA. Tuanzie wapi, na tununue nini?

Jibu:

Ndugu mkutubi, fedha ya seva iacheni kwanza ilivyo. Seva inaweza kukodishwa leo jioni, na Koha, programu ya kuendeshea maktaba, mikononi mwa mtu anayeijua Linux husimama ndani ya siku moja. Kinachokula miezi ni rekodi. Katalogi yenu ni zile rekodi 44,000. Kitabu kilichoandikwa vibaya kwenye WinISIS kitaonekana kimeandikwa vibaya vilevile kwenye Koha, ila safari hii kosa litasomwa na kila mwenye simu.

Kuhusu programu sitawachosha. Kwa maktaba ya ukubwa wenu tumieni Koha kwa katalogi na uazimishaji, na DSpace kwa tasnifu. Koha ilitengenezwa New Zealand mwaka 1999 na kuanza kazi Januari 2000. Ni programu huria isiyo na ada ya leseni, na vyuo kadhaa nchini vinaitumia, kwa hiyo mkikwama mtapata wa kumuuliza. DSpace ilitolewa mwaka 2002 na MIT pamoja na Hewlett-Packard, na kazi yake hasa ni kutunza maandishi ya chuo. Msimruhusu kijana wenu wa TEHAMA awaandikie programu yake mwenyewe, hata akiwaonyesha kitu cha kupendeza. Siku akihama, programu inahama kichwani mwake. Na msiweke Koha mbili, moja Tabora na nyingine Kigoma. Koha moja inatosha: kila maktaba inapewa msimbo wake, tuseme TBR na KGM, na Kigoma wanafanya kazi kupitia kivinjari tu.

Sasa WinISIS, ambako ndiko kwenye miiba. Kabla ya kugusa chochote nakilini folda nzima ya data mahali pengine, pamoja na mafaili ya MST, XRF na FDT. Faili la FDT lina orodha ya nyuga, yaani sehemu za rekodi kama jina au mwaka, na namba zake, na bila hilo hamtajua kama uga 24 ni jina la kitabu au ni mchapishaji, maana kila maktaba ilijipangia namba zake. Mkitoa data kwa mfumo wa ISO 2709 msidhani mmepata MARC, muundo wa rekodi za maktaba ambao Koha inautumia. Faili la WinISIS hukatwa mistari kila baada ya herufi 80. Kwa kawaida nyuga na rekodi hufungwa kwa alama #, wakati MARC inataka herufi fiche 1E na 1D, na uga mdogo huanza na ^ badala ya 1F. Ukiliingiza hivyo hivyo, Koha italikataa, au mbaya zaidi, italipokea na kumega majina ya vitabu katikati.

Njia isiyo na maumivu mengi ni hii. Tumieni mx, programu ndogo ya BIREME ya Brazil inayoelewa mafaili ya ISIS, kutoa kila rekodi kwenye mstari mmoja wenye safu. Uga unaojirudia, kama waandishi watatu wa kitabu kimoja, tenganisheni kwa alama isiyotumika popote kwenye data yenu. | Kwa kawaida inafaa. Herufi zitakuwa za usimbaji wa zamani wa DOS au Windows, kwa hiyo zibadilisheni kuwa UTF-8, usimbaji wa kisasa, hapo hapo, si baadaye. Kisha pelekeni kila kitu kwenye OpenRefine, programu ya kusafisha data.

Excel ya Kigoma ina magonjwa yake. ISBN yenye tarakimu 13 huwa imegeuka 9.78E+12, na faili likishahifadhiwa kwa CSV, yaani maandishi tupu yenye safu, katika hali hiyo tarakimu za mwisho hazirudi. Sifuri za mwanzo hupotea, kwa hiyo namba ya kitabu 000417 inakuwa 417 na hailingani tena na ile iliyopigwa muhuri ndani ya kitabu. Namba ya mada ya Dewey 320.10 inakuwa 320.1. Dawa ni kutofungua CSV kwa kubofya mara mbili. Ingizeni data kwa kuchagua kila safu iwe maandishi, au ingieni moja kwa moja na faili la awali la Excel kwenye OpenRefine.

Ndani ya OpenRefine kazi kubwa ni majina. Ipo amri ya kukusanya maneno yanayofanana. Ile ya aina ya "fingerprint" huondoa alama, hushusha herufi kubwa na kupanga maneno kwa alfabeti, kwa hiyo "Julius Nyerere" na "Nyerere, Julius" huangukia kikapu kimoja. Haitashika "Mwalimu Nyerere" wala "Nyerere J.K.", hizo zinataka jicho la mkutubi. Chagueni umbo moja la jina na mlishike. Kwa waandishi wanaojulikana chukueni la Maktaba ya Bunge la Marekani, mfano Nyerere, Julius K. (Julius Kambarage), 1922-1999, na maumbo mengine yaingie kwenye rekodi ya mamlaka, ile inayotunza umbo rasmi la jina, uga 400, ili anayetafuta kwa jina lolote afike. Kwa waandishi wetu ambao hawamo huko, wekeni kanuni iliyoandikwa: jina la mwisho mbele, isipokuwa mwandishi mwenyewe anajulikana vingine. Kanuni ikibaki mdomoni, wakutubi wanne watatoa katalogi nne.

Vitabu vyenye ISBN sahihi msiviandike upya. MarcEdit, programu ya bure ya kuhariri rekodi za MARC, inaweza kupeleka orodha ya ISBN na kurudisha rekodi kamili kwa Z39.50, njia ya maktaba kuombana rekodi mtandaoni; seva ya Maktaba ya Bunge ni lx2.loc.gov, mlango 210, hifadhidata LCDB. Ila vitabu vingi vya kabla ya 1970 havina ISBN, na vilivyochapwa hapa nyumbani vingi havimo huko. Hivyo ni vya mkono.

Hapa ndipo mpige hesabu kabla ya kumwahidi mkuu wa chuo tarehe. Chukueni rekodi 200 bila kuchagua, mzitafute, mhesabu zilizokosekana. Tuseme ni 30 kwa mia. Hiyo ni rekodi 13,200 za mkono. Kwa dakika 15 kila moja ni saa 3,300, na watu wanne wakifanya saa tano halisi kwa siku ni siku 165 za kazi, yaani miezi saba na nusu. Novemba haipo hapo. Lakini mkiandika rekodi fupi kwanza, yenye mwandishi, jina, toleo, mwaka, lugha na namba ya rafu, kwa dakika tatu kila moja, kazi hiyo hiyo inaisha kwa siku 33. Rekodi fupi iliyo sahihi inampeleka mwanafunzi rafuni. Vichwa vya mada na mengineyo vitafuata mwakani, mkianza na vitabu vinavyoazimwa sana.

Kabla ya kuingiza hakikisheni mambo mawili. La kwanza ni uga 952, ambao kwenye Koha ndio nakala yenyewe: a na b ni maktaba, c ni sehemu ya rafu, o ni namba ya rafu, p ni msimbopau (ile michoro ya mistari mnayoiona dukani), y ni aina ya nakala. Rekodi isiyo na 952 itaonekana kwenye katalogi ila hakuna atakayeweza kuiazima, na mtadhani programu ni mbovu. La pili ni nafasi ya 9 ya kiongozi cha rekodi, yaani herufi zake za mwanzo: iwe herufi a, ishara ya UTF-8. Ikiwa tupu, herufi zenye alama zitageuka mazagazaga.

Ingizeni kwa mafungu ya rekodi 2,000 kupitia zana ya Koha ya kuandaa rekodi kabla ya kuziingiza. Ni ya polepole, lakini fungu likiharibika unaweza kulirudisha lilikotoka. Ile amri ya haraka, bulkmarcimport.pl, haina kurudi nyuma, na ina kiteuzi -d kinachofuta rekodi zote zilizomo kabla ya kuingiza mpya. Kijana wenu asikitumie baada ya siku ya kwanza. Fungu la majaribio liwe la rekodi 200 zilizochaguliwa kwa ubaya wake: zenye waandishi wengi, juzuu nyingi, majina marefu, na za Kiswahili.

Kiswahili kinastahili aya zake, maana hapa ndipo katalogi nyingi huwaangusha wanafunzi na lawama huenda kwa mwanafunzi. Injini za kutafutia zimeundwa kwa lugha ambazo neno hubadilika mkiani. Letu hubadilika kichwani. Anayeandika "mwalimu" haoni kitabu chenye "walimu", na anayeandika "mtoto" haoni "watoto". Kinyota (*) cha mwishoni mwa neno hakisaidii hapo, ingawa kinasaidia kwa "shule" na "shuleni", kwa hiyo washeni QueryAutoTruncate, kipengele cha Koha kinachokiweka chenyewe. QueryStemming izimeni: inakata maneno kwa kanuni za lugha nyingine, nayo haijui Kiswahili.

Kwa tatizo la kichwani kuna dawa mbili. Kwenye rekodi za Kiswahili ongezeni uga 653 wenye umoja na wingi wa neno kuu la jina la kitabu. Kazi hiyo inaweza kufanywa kwa mkupuo kwa orodha ya maneno mia chache yanayojirudia. Kwenye DSpace, inayotumia injini ya kutafutia ya Solr, kuna faili la visawe ambamo unaandika mstari kama "mwalimu, walimu, mwl" na injini inayatendea kama neno moja. Ukishalihariri, Solr ianzishwe upya na faharasa ijengwe upya, la sivyo hutaona mabadiliko na utadhani umekosea.

Lipo na suala la mada. Rekodi mtakazovuta Marekani zitakuja na vichwa vya Kiingereza: kitabu cha ufugaji nyuki kitakuwa chini ya Bee culture, na Ziwa Tanganyika litakuwa Tanganyika, Lake. Mwanafunzi wa Sikonge anayeandika "nyuki" au "tumbaku" atapata patupu wakati rafu imejaa. Msifute vile vya Kiingereza, wanafunzi wanavihitaji. Ongezeni vya Kiswahili pembeni, uga 650 wenye kiashiria cha pili 4, kutoka kwenye orodha yenu wenyewe ya maneno 300 hadi 500. Orodha ya maneno 5,000 hakuna atakayeifuata. Fikirieni pia majina ya mahali: wageni wa karne ya 19 waliiandika Tabora kama Kazeh au wakaitaja kwa jina la Unyanyembe. Anayeandika tasnifu ya historia ya mji wenu kwa neno "Tabora" pekee anakosa vitabu ambavyo angepaswa kuanza navyo.

Kingine kidogo ila kinauma: alama ya king'ong'o. "Ng'ombe" kwenye data yenu itakuwa imeandikwa kwa alama iliyonyooka, iliyopinda ya Word, na hata ile ya kona ya juu kushoto ya kibodi. Kwa kompyuta hayo ni maneno matatu. Geuzeni zote ziwe iliyonyooka ndani ya OpenRefine, dakika tano zinatosha. Na msimbo wa lugha kwenye uga 008, nafasi ya 35 hadi 37, uwe swa kwa vitabu vya Kiswahili. Wekeni vizuri kipengele cha lugha ya msingi cha uga huo kwenye mapendeleo ya mfumo, kwa sababu mkutubi aliyechoka hupitisha eng kwa kila kitabu, na kichujio cha lugha kinakuwa hakina maana. Koha ina tafsiri ya Kiswahili kwa msimbo sw-KE. Haijakamilika, lakini kwa ukurasa wa msomaji inafaa kuwashwa sambamba na Kiingereza.

Kwa misimbopau tumieni aina ya Code 128, tarakimu tupu zenye urefu uleule, kuanzia 10000001. Msiweke herufi ya tawi wala ya kitivo ndani ya namba. Kitabu kikihamia Kigoma, namba itakuwa inasema uongo. Lebo za karatasi ya joto kama ya risiti zinafutika. Kwa joto la Oktoba huko kwenu hazifiki mbali. Nunueni printa inayotumia utepe, na utepe uwe wa mchanganyiko wa nta na resini. Lebo moja ibandikwe juu kwenye jalada la nyuma, nyingine yenye namba ileile ndani, nyuma ya ukurasa wa jina, kwa sababu jalada ndilo huchanika kwanza.

Watu wawili, mmoja anabandika na mwingine anasoma msimbo kwenye rekodi, wapangieni vitabu 60 kwa saa. Kwa 44,000 ni saa 733. Jozi nne kwa saa tano kwa siku zinamaliza kwa siku 37. Wakutubi wenu ni wanne tu na wana rekodi za kuandika, kwa hiyo ombeni wanafunzi wa ukutubi wanaotafuta nafasi ya mafunzo kwa vitendo. Vumbi la kiangazi lipanguseni kwanza, gundi haishiki juu ya vumbi. Na kazi hii ndiyo ukaguzi wenu: kitabu kilichopo rafuni bila rekodi, na rekodi isiyo na kitabu, vyote vitajitokeza hapa. Pengine vichache kuliko mnavyohofia, pengine vingi.

Seva sasa. Ushauri wangu ni kwamba Koha isikae Tabora. Umeme ukikatika chuoni, Kigoma nao wanalala, na mwanafunzi aliye hosteli naye hana katalogi. Kodini seva pepe kwenye kituo cha data cha hapa nchini, yenye viini 2 hadi 4, kumbukumbu ya GB 8 na diski ya SSD ya GB 100. Kwa rekodi 44,000 hiyo ni nafasi ya kutosha. Nasema hapa nchini kwa sababu humo mtakuwa na majina na simu za wanafunzi, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ina masharti juu ya kupeleka taarifa hizo nje ya nchi. Anwani iwe chini ya kikoa cha chuo cha .ac.tz. Cheti cha usalama cha Let's Encrypt ni cha bure ila huisha baada ya muda mfupi, kwa hiyo kijiongeze chenyewe. Maktaba nyingi huzinduka siku kivinjari kinapoanza kuwatisha wasomaji.

Fedha mliyotengewa inunue mashine ya Tabora yenye kazi mbili: kutunza picha kubwa za tasnifu, na kubeba nakala ya Koha ya kila usiku. Koha hujitengenezea nakala rudufu kila siku, lakini kwa mpangilio wake wa kawaida huhifadhi za siku 2 tu. Mtu akiharibu rekodi Ijumaa mchana na mkagundua Jumatatu, nakala isiyo na kosa hilo imeshafutwa. Ongezeni zifike 30. Kila usiku nakala ishuke Tabora, na mara moja kwa mwezi moja ihifadhiwe kwenye diski ya nje inayokaa jengo jingine. Nakala ambayo haijawahi kurejeshwa msiihesabu kuwa nakala: kila mwezi ipakieni kwenye mashine ya Tabora na mtafute vitabu kumi. Kwenye mashine hiyo zimeni barua pepe kwa koha-email-disable, la sivyo mwanafunzi mmoja atapata onyo mbili za kuchelewesha kitabu kutoka seva mbili.

Mashine hiyo iwe na umeme wa akiba. Mashine na vifaa vya mtandao vikila wati 200, betri mbili za volti 12 zenye Ah 200 zina kWh 4.8. Za asidi msizishushe chini ya nusu, inabaki 2.4, na inveta ikila chake mna kama 2, yaani muda wa saa kumi. UPS iwepo katikati kwa ajili ya kuzima kwa utaratibu. Iunganisheni kwa waya wa USB na programu ya NUT izime mashine betri inapokaribia kuisha. Mashine ikizimika ghafla, hifadhidata ya MariaDB mara nyingi hujinasua, ila faharasa ya Zebra huvunjika. Dalili yake inachanganya: rekodi ipo ukiifungua kwa namba, lakini utafutaji unaleta sifuri. Dawa ni koha-rebuild-zebra -f -v ikifuatiwa na jina la katalogi yenu. Mvua za Novemba zikianza na radi zake, kinga ya radi iwekwe kwenye waya wa umeme na kwenye waya wa mtandao unaotoka nje ya jengo. Wa mtandao ndio husahaulika, na ndio huunguza swichi.

Intaneti ikikatika kaunta isisimame. Kuna programu ndogo ya kuazimisha nje ya mtandao inayotoa faili la .koc, ambalo hupakiwa mtandao ukirudi. Haiwezi kuiuliza seva papo hapo nani ana faini wala nani amemaliza idadi yake, kwa hiyo itumike siku hiyo tu, isigeuke mazoea ya Kigoma.

Tasnifu: anzeni na CD wiki hii, kabla ya chochote. CD za kuchoma nyumbani huoza, na kila mwezi mnapoteza kadhaa bila kujua. Zinazogoma kusomeka jaribuni ddrescue, programu ya kuokoa data. Za karatasi, skanini kwa nukta 300 kwa inchi, rangi ya kijivu. Ukurasa wa A4 ni pikseli 2,480 kwa 3,508, karibu MB 8.7 bila kubanwa. Tasnifu ya kurasa 150 ni GB 1.3, na 1,000 ni TB 1.3. Hizo ni picha za kutunza Tabora, si za kupandisha. Za kupandisha pitisheni kwenye ocrmypdf, programu inayosoma maandishi kwenye picha, kwa lugha swa+eng, iwe na maandishi yanayotafutika na umbo la PDF/A, lile la kutunza muda mrefu. Bila kusomewa lugha zote mbili, muhtasari wa Kiswahili utatoka na maneno ya ajabu. Kila faili lisizidi MB 5 ikiwezekana: ndicho kikomo ambacho Google Scholar inakiomba, na ndicho mwanafunzi mwenye kifurushi kidogo anaweza kukibeba. Kwa hesabu tu: faili la MB 10 kwenye laini ya Mbps 10 linashuka kwa sekunde 8 kwa mtu mmoja, lakini watu 50 kwa pamoja wanangoja karibu dakika 7.

Tarehe kwenye DSpace ziandikwe 2019 au 2019-03-12, kamwe si 12/3/2019. Lugha humo ni sw, wakati kwenye MARC ni swa. Wapandishaji huchanganya hayo mawili na orodha inagawanyika. Na ruhusa: hakimiliki ya tasnifu si ya maktaba. Kuanzia mwaka huu fomu ya ruhusa isainiwe siku ya kuwasilisha, ikiwa na nafasi ya kuomba kufungiwa kwa muda. Za zamani ambazo hamna ruhusa, wekeni muhtasari wazi na faili lifunguke ndani ya maktaba tu.

Majarida yanafunguka chuoni tu kwa sababu wachapishaji wanaitambua anwani ya IP ya chuo. Kwanza hakikisheni mtoa huduma wenu amewapa anwani isiyobadilika, maana ikibadilika usiku mmoja majarida yote yanafunga na barua za wachapishaji zinachukua wiki. Kwa walio nje, suluhisho ni proksi. EZproxy ya OCLC ndiyo iliyozoeleka: mwanafunzi anaingia kwa namba yake, na mchapishaji anaona anwani ya chuo. Kiungo cha proksi msikiandike ndani ya uga 856, ule wa anwani ya mtandaoni, wa kila rekodi. Kiwekwe mahali pamoja kwenye mfumo, ili siku kikibadilika mbadilishe mstari mmoja badala ya maelfu. Jiandikisheni pia Research4Life, mpango wa kuzifungulia nchi zinazoendelea majarida, kama hamjafanya: Tanzania iko kundi A, lisilolipa, na ndani yake mnapata Hinari, AGORA, OARE, ARDI na GOALI. Nywila yake isibandikwe ubaoni wala kwenye tovuti ya chuo, ikivuja wanaifunga kwa chuo kizima. COTUL, umoja wa maktaba za vyuo nchini, ndio mlango wa usajili wa pamoja. Vitabu vya mtandaoni mnavyovipata kwa kifurushi vipeni alama kwenye uga wa ndani, tuseme 909, maana kifurushi kikiisha mtataka kuvifuta vyote kwa amri moja.

RFID (vibandiko vinavyosomwa kwa redio), milango inayopiga kengele na vibanda vya kujiazimishia, la. Mwaka huu hapana.

Wanafunzi wapakieni kwa CSV kutoka ofisi ya udahili: namba ya usajili, majina, maktaba, aina ya msomaji, tarehe ya kuisha. Safu ya simu iangalieni, +255 hugeuka 2.55E+11 kama ilivyokuwa kwa ISBN. Msichukue tarehe ya kuzaliwa wala anwani ya nyumbani kama hamna kazi nazo. Na historia ya nani aliazima nini ifutwe majina baada ya muda mtakaouamua. Koha ina zana ya kufanya hivyo kwa mkupuo.

Wiki mbili kabla ya Novemba fanyeni jaribio hili. Mwombeni mwanafunzi asiye wa ukutubi aokote rafuni vitabu 50 bila kuchagua na kuvitafuta kwenye katalogi kwa simu yake, akiwa nje ya geti. Kisha mpeni orodha ya rekodi 50 kutoka kwenye katalogi, akavitafute rafuni, 40 Tabora na 10 mwenzake wa Kigoma. Vikikosekana zaidi ya vitano upande wowote, fungueni katalogi kwa vitabu vya kozi pekee, na rekodi nyingine ziendelee kusafishwa nyuma ya pazia.